Daftari, Wafu na Bajeti: Historia ya Takwimu za Afya Wilayani

Ikifika tarehe 7 ya kila mwezi, zahanati za Tanzania Bara zinatakiwa ziwe zimekwisha kufunga hesabu za mwezi uliopita. Muuguzi au tabibu hukaa na vitabu vya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, akajumlisha wagonjwa wa nje wa Kitabu cha 5, wajawazito wa Kitabu cha 6, watoto wa Kitabu cha 7 na waliojifungua wa Kitabu cha 12, kisha taarifa ikapelekwa wilayani. Huko yupo mtu mmoja, mara chache wawili, ambaye kazi yake ni kuzisoma. Hapa ataitwa mratibu wa MTUHA, pale mtakwimu, kwingine afisa takwimu. Wengi hawamjui kwa sura, hata madiwani wanaopitisha bajeti iliyotokana na karatasi zake. Lakini kazi yake ina ukoo mrefu, na ukiufuata ukoo huo unaona jambo moja likijirudia karne baada ya karne: hesabu za wagonjwa na wafu zimeokoa watu pale ambapo msomaji wake alikaa jirani na mgawaji wa fedha. Zilipopanda juu bila kurudi, zilikuwa karatasi tu.

Tuanzie London. Parokia za mji ule zilikuwa zikitoa orodha ya waliokufa kila wiki, hasa kwa hofu ya tauni. Chanzo cha kifo kilitajwa na wanawake, wengi wao wazee maskini, waliolipwa na parokia kwenda kuitazama maiti. Mwaka 1662 mfanyabiashara mmoja, John Graunt, alichapisha kitabu kutokana na orodha za miaka mingi. Humo alionyesha kwamba wavulana huzaliwa wengi kidogo kuliko wasichana, kwamba zaidi ya thuluthi ya watoto wa mji hufa kabla ya kufikisha miaka 6, na kwamba London huzika wengi kuliko inaowabatiza, kwa hiyo inaishi kwa wageni kutoka mashambani. Graunt hakuziamini orodha kwa upofu. Aliandika kwamba wale wanawake walihongwa ili aliyekufa kwa kaswende aandikwe ugonjwa mwingine. Yaani shaka juu ya ubora wa takwimu ni ya umri uleule na takwimu zenyewe.

Karibu karne mbili baadaye kazi hii ikaingia rasmi katika serikali ya mji. Mwaka 1842 Edwin Chadwick alichapisha ripoti iliyosema kwamba Liverpool wastani wa umri wa kufa ni miaka 35 kwa watu wa tabaka la juu, 22 kwa wenye maduka na 15 kwa vibarua. Namba hizo ziliitikisa Uingereza, ingawa zilikuwa na kasoro: palipo na watoto wengi patakuwa na vifo vingi vya watoto, na wastani utashuka hata kama hatari ya kila mmoja haijabadilika. Mchambuzi makini angeuliza kwanza ni wangapi wanaokufa kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa. Hata hivyo mji ulisikia. Januari 1847 Dkt. William Henry Duncan alianza kazi kama mganga wa afya wa mji wa Liverpool, wa kwanza wa aina yake nchini humo, akilipwa na halmashauri ya mji wenyewe. Alikuwa amekwisha kuandika juu ya vyumba vya chini ya ardhi walimopangishwa maskini. Mwaka wake wa kwanza ulileta maelfu ya Waayalandi waliokimbia njaa, na pamoja nao tifasi. Akiwa na vifo vya kata moja moja mkononi, aliweza kuwaonyesha wakubwa wa mji kwamba kifo kina anwani.

Watu hupenda kusimulia habari za John Snow na pampu ya Broad Street mwaka 1854. Kinachosahaulika ni kwamba mpini wa pampu ile uliondolewa kwa uamuzi wa wajumbe wa parokia, baada ya Snow kwenda kuwaeleza alichokiona. Alichokiona kingebaki kuwa maelezo mazuri kama asingekuwapo wa kutoa amri, na kama amri hiyo isingeweza kutolewa palepale mtaani bila kusubiri barua ya wizara.

Pwani yetu nayo ilikuwa na mchambuzi wake. James Christie, daktari kutoka Uingereza aliyekuwa mganga wa Sultani wa Zanzibar, alikishuhudia kipindupindu cha 1869 na 1870 kikiua watu kwa maelfu Unguja. Wengi wangetazamia ugonjwa ule uje kwa jahazi kutoka ng'ambo. Christie aliufuata nyuma akakuta njia nyingine: ulishuka kutoka bara, nchi ya Wamasai, ukafuata njia ya misafara hadi Pangani, kisha ukavuka bahari. Hakuwa na rejista ya vifo wala kituo cha kutoa taarifa. Alikuwa na tarehe, majina ya mahali, na maneno ya wafanyabiashara na wasafiri waliopita humo. Akapanga tarehe hizo juu ya njia hizo, na mwendo wa ugonjwa ukaonekana. Kitabu chake kilitoka London mwaka 1876, kikiwa na habari za milipuko ya Afrika Mashariki tangu 1821. Kwangu mimi hiki ni kitabu cha kwanza cha uchambuzi wa magonjwa katika eneo letu, na kinastahili kusomwa na kila anayefundishwa kazi hii leo, kwa sababu kinaonyesha kwamba pasipo na daftari bado pana watu wanaojua. Lakini wasomaji wake walikuwa mbali. Unguja yenyewe, chini ya Sultani Barghash aliyekalia kiti mwaka 1870, ilipata baadaye mfereji wa maji safi kutoka chemchemi ya Chemchem hadi mjini. Naamini mfereji ule ulifanya kazi kubwa kuliko hotuba nyingi za afya zilizofuata.

Ukoloni ulihesabu kwa kusudi lake: wangapi wanalipa kodi, wangapi wanafaa kwa kazi au kwa jeshi, wapi malale yanatishia kufunga nchi. Katika Tanganyika ya Waingereza, miaka ya 1920, mkuu wa idara ya tiba John Shircore alianzisha mpango wa zahanati ndogo zilizogharimiwa na hazina za serikali za wenyeji, zikiendeshwa na Waafrika waliofundishwa kufunga vidonda na kutoa dawa chache. Hizi ndizo zahanati za mwanzo za serikali za mitaa nchini. Watu walizijaza, hasa kwa ajili ya sindano ya buba, iliyoponya vidonda mbele ya macho yao. Kila aliyehudhuria aliandikwa, jumla zikaenda makao makuu, na ripoti za mwaka zikajaa mahudhurio. Mahudhurio hayakuwa magonjwa, wala magonjwa hayakuwa vifo. Robert Kuczynski, mtaalamu wa hesabu za watu aliyepitia takwimu za makoloni yote ya Uingereza, aliichambua Afrika Mashariki katika juzuu iliyochapishwa 1949, baada ya kifo chake. Alionyesha ukurasa baada ya ukurasa kwamba namba nyingi za idadi ya watu, za kuzaliwa na za kufa, zilikuwa makisio ya maofisa yaliyonakiliwa mwaka hadi mwaka. Sensa ya kwanza ya kueleweka ilifanyika 1948, ikafuata ya 1957.

Uhuru ulikuja na ahadi ya afya vijijini, na sensa ya 1967 ikahesabu watu milioni 12.3. Miaka ileile zahanati na vituo vya afya vilianza kuongezeka kwa kasi ambayo nchi chache maskini zilithubutu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwaketisha watu wanaokadiriwa kufika milioni 2 kwenye vikundi mbele ya redio, wakasikiliza habari za malaria, kichocho na minyoo, kisha wakatoka kuchimba vyoo. Ila mwaka mmoja kabla, katika mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, serikali za mitaa zenyewe zilikuwa zimefutwa. Maofisa wa serikali kuu waliletwa karibu na wananchi, na baraza la kuwauliza maswali likaondolewa. Halmashauri za miji zilirejea 1978, na za wilaya zilirudi kwa sheria za 1982 zilizoanza kutumika 1984. Katika pengo hilo la zaidi ya miaka 10, wilaya ilihesabu kwa niaba ya Dar es Salaam.

Lakini katikati ya pengo hilo ndipo Tanzania ilipoipa dunia somo, na wengi wetu hatulijui. Karel Styblo alikuwa daktari Mcheki aliyeugua kifua kikuu akiwa kijana, katika kambi ya mateso ya Wanazi. Alikuwa mmoja wa wasanifu wa mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma ulioanza mwaka 1977. Ubunifu wake mkubwa ulikuwa daftari. Kila wilaya ilipata mratibu wa kifua kikuu na ukoma, na kila mratibu alikuwa na rejista moja ya wilaya ambamo kila mgonjwa alipewa mstari wake. Kila baada ya miezi mitatu mratibu aliliangalia kundi zima la wagonjwa waliosajiliwa katika robo fulani ya mwaka na kujibu: wangapi wamepona, wangapi wamemaliza dawa bila kupimwa tena, wangapi wamekufa, wangapi wametoroka matibabu, wangapi dawa zimewashinda, wangapi wamehamia kwingine. Jumla ya majibu lazima ilingane na idadi ya waliosajiliwa, kwa hiyo hakuna mgonjwa aliyeweza kupotea kimyakimya kati ya safu mbili.

Tazama tofauti yake na ripoti ya kawaida. Ripoti ya mahudhurio huuliza tumefanya kazi kiasi gani. Rejista ya Styblo huuliza waliotujia wamekuwaje. Na anayeuliza ni mtu wa wilayani mwenye pikipiki, anayeweza kuondoka siku hiyohiyo kwenda kumtafuta aliyekosa dawa. Tiba ya muda mfupi ilipoanza miaka ya 1980, mpango huu ulifikia viwango vya kuponya ambavyo nchi tajiri zilivitamani. Katikati ya miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua mfumo huo, rejista na ripoti za robo mwaka zikiwamo, likaueneza duniani kwa jina la DOTS. Mratibu wa wilaya wa leo anayejaza fomu ya robo mwaka akidhani ameletewa kitu cha kigeni anapaswa kujua kwamba kilipimwa na kukubalika mikononi mwa waliomtangulia kazini.

Tatizo ni kwamba kila mpango ulikuwa na daftari lake. Chanjo ilikuwa na fomu zake, uzazi wa mpango zake, kuhara zake, na kila moja ilikuwa na mfadhili aliyezisubiri. Mhudumu mmoja wa zahanati aliandika taarifa nyingi kuliko muda aliokuwa nao. Mwaka 1993 ulianza Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, MTUHA, ukakusudia kuziweka pamoja, na kabla ya muongo kwisha ulikuwa umeenea nchi nzima. Wazo lililokuwamo lilikuwa sahihi kabisa: zahanati ijumlishe yenyewe, ichore yenyewe, iamue yenyewe, ndipo ipeleke nakala wilayani. Utekelezaji ulielemea upande wa kupeleka. Vitabu vilichelewa kuchapwa, vilipokwisha watu walipiga mistari kwenye madaftari ya shule, na jumla zilizofika wilayani zilisukumwa mkoani bila mtu kuzisoma.

Hata zingesomwa, zingesema nusu ya habari. Katika wilaya za vijijini za wakati ule wengi walifia nyumbani. Mtoto aliyeshikwa na degedege mara nyingi alipelekwa kwa mganga wa jadi, kwa imani kwamba sindano ya hospitali ingemuua, na akifa hakuingia kwenye kitabu chochote. Kuanzia 1992 mradi wa kuchunguza magonjwa na vifo vya watu wazima, ulioendeshwa na Wizara ya Afya pamoja na Chuo Kikuu cha Newcastle, ulianza kuwahesabu wafu hao katika maeneo matatu: mitaa kadhaa ya Dar es Salaam, Wilaya ya Hai na Morogoro Vijijini. Wahojaji walikwenda kwa wafiwa, baada ya muda wa staha, wakauliza kwa Kiswahili: alianza kuumwa lini, homa ilikuwaje, alikohoa, alikonda, mguu ulivimba mmoja au yote miwili. Madaktari walisoma majibu na kukadiria chanzo cha kifo. Ukimwi, kifua kikuu na malaria vilionekana kama ilivyotazamiwa. Ila kiharusi na ajali navyo vilionekana, wakati mipango ya taifa ilikuwa bado ikiyaona maradhi ya aina hiyo kuwa ya Wazungu.

Hapo ndipo tunafika Rufiji, na hapa nataka kukaa kidogo.

Mwaka 1993 Benki ya Dunia ilitoa ripoti iliyodai kwamba nchi maskini ingeweza kupunguza maradhi kwa kiasi kikubwa kwa takribani dola 12 kwa kila mtu kwa mwaka, kama fedha zingewekwa kwenye tiba na kinga zinazolingana na mzigo wa magonjwa. Wengi walipinga, wengine wakashangilia. Tanzania, kwa kushirikiana na shirika la utafiti la Kanada, IDRC, iliamua kulijaribu dai hilo katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini, zenye jumla ya watu wapatao 700,000. Mradi huo ulijulikana kama TEHIP. Timu za afya za wilaya ziliahidiwa nyongeza ya hadi dola 2 kwa kila mkazi kwa mwaka, kwa sharti kwamba zipange zenyewe.

Timu zilipewa vifaa viwili rahisi vya kompyuta. Cha kwanza kilichukua vifo vilivyokusanywa nyumba kwa nyumba na kuvigeuza kuwa picha ya mzigo wa magonjwa: ni miaka mingapi ya uhai inapotea kwa kila ugonjwa. Cha pili kilichukua bajeti, ile yenye mafungu ya mishahara, posho na mafuta ya gari, kikaipanga upya kwa ugonjwa. Kisha picha mbili zikawekwa sambamba. Morogoro mwaka 1996 malaria ilikuwa ikichukua asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea na kupata asilimia 5 ya bajeti. Kifua kikuu kilikuwa chini ya asilimia 4 ya mzigo na kupata asilimia 22 ya fedha. Magonjwa yanayozuiwa kwa chanjo yalikuwa asilimia 4 ya mzigo, na fedha zake asilimia 30.

Namba hizi mbili za mwisho zinahitaji msomaji asiye na haraka. Surua iliua wachache kwa sababu chanjo ilikuwapo, na ukiiondolea fedha wafu watarudi. Vivyo hivyo kifua kikuu. Mchambuzi angezitazama namba hizo juujuu angeweza kuipendekezea wilaya jambo la kuua watu. Timu za Rufiji na Morogoro zilikuwa na akili ya kuiacha chanjo ilipo na kuelekeza fedha mpya kwenye malaria na kwenye utaratibu wa kumtibu mtoto mgonjwa kwa ujumla wake, homa, mapafu, kuhara na lishe kwa pamoja. Walifundisha wahudumu, wakahimiza vyandarua vilivyotiwa dawa, wakaweka redio za upepo kwenye vituo vya mbali, wakapanga usimamizi ili kituo cha afya kiangalie zahanati zake. Wanavijiji walichangia nguvu kukarabati majengo. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba wilaya hazikuweza kuzimaliza dola 2. Zilitumia chini ya dola 1 kwa mkazi kwa mwaka.

Huko Rufiji, hesabu za kaya zilizoendeshwa kutoka Ikwiriri tangu 1998 zilionyesha vifo vya watoto wachanga vikishuka kutoka 100 kwa kila 1,000 waliozaliwa hai mwaka 1999 hadi 72 mwaka 2000. Kwa miaka mitano wilaya hizo mbili ziliripoti kushuka kwa vifo vya watoto kwa zaidi ya asilimia 40. Si yote yaliyotokana na mradi. Watafiti walipolinganisha Rufiji na Morogoro na majirani zao Kilombero na Ulanga, walikuta tofauti ya asilimia 13, na Kilombero na Ulanga zenyewe zilikuwa zikinufaika na vyandarua vya mradi mwingine kutoka Ifakara. Asilimia 13 ni watoto wengi. Ndiyo namba ninayoiamini, na naiheshimu kuliko ile kubwa kwa sababu kuna aliyejisumbua kutafuta wa kumlinganisha naye.

Mafanikio hayo yaliingia kwenye taratibu za nchi. Tangu 1999 wafadhili kadhaa walitia fedha kwenye mfuko wa pamoja wa afya unaokwenda halmashauri, na kila halmashauri ikatakiwa kuandaa Mpango Kabambe wa Afya unaopitiwa na bodi yake ya afya na kupitishwa na Baraza la Madiwani. Fedha na takwimu vikakutana chini ya dari moja wilayani. Mtakwimu alipata msimu wake: miezi ya kuandaa bajeti, ambapo jedwali lake linaweza kuhamisha fedha kutoka fungu moja kwenda jingine.

Kisha kompyuta zikaja kwa nguvu. Mfumo wa takwimu za afya wa DHIS2 ulizaliwa katika ushirikiano wa wasomi wa Afrika Kusini na Chuo Kikuu cha Oslo baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka. Kenya iliusimika nchi nzima mtandaoni mwaka 2011, ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa Afrika kufanya hivyo, na kaunti zake 47 zilipokabidhiwa afya mwaka 2013 zilikuta mfumo unazisubiri. Kenya pia imekwenda mbele katika kuiheshimu taaluma yenyewe: ina sheria ya mwaka 2016 inayowatambua na kuwasajili maofisa wa kumbukumbu na taarifa za afya. Tanzania Bara ilikamilisha kuueneza mfumo huo wilayani mwaka 2013. Magunia ya fomu yakapungua, na wilaya ikaweza kuiona zahanati moja, mwezi mmoja, ugonjwa mmoja, bila kumpigia mtu simu.

Kilichobaki kigumu ni kile ambacho kompyuta haikiwezi: kujua unamgawanya nani kwa nani. Ukitaka asilimia ya watoto waliochanjwa unahitaji idadi ya watoto wanaolengwa, na idadi hiyo hutoka kwenye sensa, ikakuzwa kwa makisio mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo kuna halmashauri zinazoripoti chanjo ya asilimia 120, kwa kuwa watu wamehamia mgodini au mjini na makisio hayajui. Jirani yake, walikotoka watu hao, itaonekana imelala usingizi. Sensa ya 2022, iliyotumia vishkwambi na kuhesabu watu milioni 61.7, ilisahihisha mengi, na kila mwaka unaopita usahihi huo unapungua.

Mipaka nayo husogea. Wilaya zote tatu za vijijini zilizoifundisha nchi kusoma vifo zimegawanywa: Morogoro Vijijini ilizaa Mvomero, Hai ikazaa Siha, Rufiji ikazaa Kibiti. Dar es Salaam, Kinondoni ilitoa Ubungo na Temeke ikatoa Kigamboni. Mtu anayetaka kujua kama malaria imepungua Rufiji kwa miaka 25 lazima kwanza aamue Rufiji ipi, kisha aanze kuunganisha zahanati moja moja kwa mkono. Kazi hiyo haionekani kwenye tathmini ya utendaji ya mtumishi yeyote, na bila hiyo mstari wote unaochorwa ni uongo.

Kipo kipindi kingine ambacho historia ya haki haiwezi kukiruka. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa ikafanya kuwa kosa kuchapisha takwimu zinazopingana na zile rasmi, hadi ilipolegezwa mwaka uliofuata. Mei 2020 nchi iliacha kutangaza hesabu za korona zikiwa wagonjwa 509 na vifo 21, na zikabaki hapo hadi katikati ya 2021. Wataalamu wa wilaya walikuwa kazini muda wote huo. Waliandika waliyoyaona kwenye vitabu vilevile, kwa majina ya magonjwa yaliyoruhusiwa kuandikwa. Mji wa Graunt ulificha kaswende kwa hongo, na sisi tulificha kwa amri. Madhara yake kwa daftari ni yaleyale: miaka ya mbele itausoma mwaka 2020 na kudanganyika.

Ugumu wa aina nyingine umo katika habari njema. Utafiti wa taifa wa 2015 na 2016 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikuta 104. Vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano, vilivyokuwa 67 kwa kila 1,000, vilikuwa vimeshuka hadi 43. Kushuka kwa vifo vya watoto kunaonekana kote, tangu 112 ya mwaka 2004 na 2005, na hakuna sababu ya kukutilia shaka. Kushuka kwa vifo vya uzazi kwa kiasi hicho, kwa miaka sita tu, kunahitaji kusomwa pamoja na vitabu vya wodi za wazazi vya halmashauri na taarifa za vikao vinavyojadili kila kifo cha mzazi. Wanaoweza kuifanya kazi hiyo wako wilayani, kwa sababu ndio wanaojua ni mama yupi alifia njiani kwenye pikipiki.

Na sasa kipimo cha taifa chenyewe kimeyumba. Mapema 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake mingi, na Februari mwaka huo ikaufunga mpango wa dunia uliokuwa ukisaidia tafiti hizo za kaya tangu miaka ya 1980. Utafiti wa Tanzania ulikuwa mmoja wao. Vituo vingi vya tiba ya VVU vilikuwa na makarani wa takwimu waliolipwa na miradi ya Kimarekani, na kazi yao ikaangukia kwa wauguzi.

Halmashauri zimebaki na vitabu vyao, na mapato ya ndani ambayo madiwani wanayagawa. Kuna mambo mawili yaliyo ndani ya uwezo wao bila kusubiri mfadhili. La kwanza ni vifo vya nyumbani: mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji wanajua kila msiba, na daftari la vifo lenye umri, jinsia, tarehe na dalili chache, likipelekwa kwa mganga mkuu wa wilaya kila robo mwaka, lingetupa nusu ile ambayo MTUHA haijawahi kuiona. La pili ni muda wa mtu. Mtakwimu anayeshinda akikimbiza taarifa zilizochelewa hawezi kuzisoma zilizofika. Apewe msaidizi wa kuingiza data, na apewe nafasi mezani siku timu ya afya inapokaa kupanga mafungu, akiwa na jedwali lake la vifo upande mmoja na la fedha upande wa pili, kama walivyofanya Morogoro mwaka 1996.